Unapoiona oili sipo ilipotoka

Ukikabidhiwa ndege ndogo ambayo tumbo lake limelowa oili, spana isubiri. Anza na kitambaa na dawa ya kusafishia. Injini nyingi za aina hii hupozwa kwa upepo, na upepo huo huibeba oili kuelekea nyuma na chini. Tone linaloning'inia kwenye ukuta unaotenga injini na rubani linaweza kuwa limetoka kwenye sili ya krenki (pete inayozuia oili kwenye shafti inayozungusha propela), huko mbele nyuma ya propela. Osha injini yote, iwashe ardhini kwa dakika chache, izime, kisha fungua boneti utazame kwa tochi. Fuata unyevu mpya hadi mahali palipolowa juu zaidi na mbele zaidi. Mara nyingi utafika kwenye gaskiti za vifuniko vya roka au sili za mirija ya pushirodi (roka na pushirodi ni vyuma vinavyofungua valvu).

Rangi nazo zinasaidia. Petroli ya 100LL, ile ya ndege za injini za pistoni, ni ya buluu na huacha doa la buluu hata ikishakauka. Ukilikuta, ndege hairuki mpaka ujue chanzo. Mafuta ya haidroliki kwa kawaida ni mekundu, hivyo kagua breki kabla ya kuilaumu injini.

Sasa bomba la kupumulia, linalotoa nje gesi za ndani ya injini, ambalo naona linapuuzwa sana. Gesi zinazopenya kando ya ringi za pistoni hubeba mvuke wa maji. Kwenye baridi kali mvuke huo huganda mdomoni mwa bomba, bomba linaziba, shinikizo linapanda ndani ya injini na kuing'oa sili ya mbele. Ukibadilisha sili peke yake, mpya nayo itang'oka. Mabomba mengi yana tundu la akiba ubavuni, penye joto ndani ya boneti, hakikisha halijaziba.

Bomba hilo likitema oili nyingi, soma kwanza kijiti cha kupimia. Sampu (chombo cha oili chini ya injini) ya injini ya Lycoming O-320 huchukua kwoti 8 (kama lita 7.5), na ikijazwa pomoni mara nyingi hutema ziada. Kama kiwango ni sawa, pima kompresheni injini ikiwa bado na moto, kwa kuingiza kwenye silinda hewa yenye shinikizo la psi 80, huku mwenzako akiishika propela kwa nguvu maana inaweza kuzunguka na kumvunja mtu mkono. Sikiliza: hewa ikivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimekwisha, ikivuma kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haikai sawasawa.

Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Wa buluu ni oili inayoungua.

Halafu kuna uvujaji usiodondosha chochote, na wanaoanza kazi huupita: unga wa kijivu au mweupe kwenye maungio ya ekzosi. Hapo gesi inatoroka. Kwenye ndege ambazo joto la chumbani huvutwa kutoka pembeni mwa ekzosi, ufa ukiwa ndani ya kasha la hita huingiza kaboni monoksidi kwa rubani, nayo haionekani wala hainuki. Vua kasha hilo uikague ekzosi yote kabla ya kusaini kwamba ndege iko tayari kuruka.