Maswali yenu: ndege wa mtoni, mita 60, na wale wa "nimeona ndege kibao"

Simu imejaa maswali ya namna ya kupima afya ya mito ya Dodoma kwa ndege waimbaji, mpaka inaganda na nusu yake ni yale yale, kwa hiyo leo nachukua yenye nyama, mengine nayamaliza kwa mstari mmoja na asinune mtu.

Shikamoo mwalimu. Huku Bahi ndege ni kibao asubuhi na jioni, si ina maana mto Bubu bado mzima?

Marahaba. Kibao cha nani? Hili swali nimelijibu mpaka nimechoka. Kwelea kwelea wakitua kwenye matete jioni wanakuja laki kwa laki, na wale hawakwambii kitu zaidi ya kwamba kuna maji ya kunywa na shamba la mpunga au uwele jirani. Kunguru na shomoro nao huongezeka wakati mto unakufa, maana wao wanafuata jalala na mabati. Muulize ndege yeye ni nani kwanza, idadi baadaye. Mto wenye afya una wale wa vichakani wanaoimba muda wote na huwaoni, una mnana anayefuma viota juu ya maji, una wadaka wadudu. (Mdiria simuweki humu kwa sababu sio mwimbaji, msinitumie meseji.) Mtu akifyeka ukingo hao wa vichakani ndo wanaoondoka kwanza, na jumla yako inaweza isishuke hata kidogo, inaweza hata ikapanda, na wewe ukashangilia.

Nataka kuanza kuhesabu ila sina hela ya darubini. Kongwa.

Una masikio? Basi. Chagua sehemu tano sita kando ya mto zilizoachana kama mita 200 au zaidi, usije ukamhesabu ndege yule yule mara mbili, kila sehemu simama dakika 10 kimya, andika kila unayemsikia na kila unayemwona. Anza saa 12 asubuhi, saa 3 uwe umemaliza, baada ya hapo jua la huku linawanyamazisha. Upepo wa Dodoma ukiwa umeamka nao vibaya, rudi ukalale. Mwaka ujao unarudi pale pale, mwezi ule ule, saa zile zile, na ikiwezekana masikio yale yale. Uingereza wanahesabu ndege wa mitoni tangu 1974, ndo maana wakisema kitu kimepungua unawasikiliza. Halafu andika na unachokiona pembeni: mti uliokatwa, pampu ya maji, lori la mchanga. Namba bila hayo utakuja kuitazama baadae usijue inasema nini.

Mi mwenyewe nilishajiaibisha. Nilihesabu Machi, nikarudi sehemu ile ile Septemba, nikaandika kwa wino kabisa kwamba mnana wamekwisha. Wamekwisha wapi! Dume akishavua ile manjano ya msimu wa kuzaa anafanana na jike, na jike anafanana na shomoro, nilikuwa natazamana nao uso kwa uso.

Mbayuwayu wamepotea tangu Aprili, mto umewekwa sumu? Mpwapwa.

Hapana. Wamerudi Ulaya kuzaa. Subiri Oktoba.

Korongo letu Chamwino ni mchanga mtupu miezi saba nane, sasa ndege wa mtoni watatoka wapi?

Hili ndo swali, asante. Watu wanadhani mto wa Ugogoni ukikauka umekufa, wakati maji yako chini ya mchanga, nyie wenyewe si mnachimba humo ndoo inajaa? Mikuyu na mikwaju ya ukingoni inakunywa hapo hapo, kiangazi kizima inabaki na majani wakati pori lote limekuwa la kijivu, na ndege wa eneo zima wanasogea kwenye huo mstari wa kijani. Kwa hiyo kiangazi hesabu ya korongo inakwambia habari za miti na maji ya chini. Sasa lori zikichota mchanga usiku na mchana, maana mji umepanuka na kila mtu anajenga, lile tanki la mchanga linapungua, maji yanashuka, na mkuyu uliosalimika na wachoma tofali unakauka umesimama. Kondoa waliona mapema, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye ardhi iliyokuwa imeliwa na mmomonyoko, vichaka vikarudi. Kuondoa ng'ombe kulileta kelele kweli, sisemi mwige, nasema ukingo ukiachwa upumue unarudi.

Nalima nyanya na vitunguu mtoni, dawa yangu inahusiana nini na ndege?

Inahusiana kwamba mnana mla mbegu analisha makinda wake wadudu. Ukiosha bomba la dawa mtoni umefagia chakula cha watoto, wakubwa utaendelea kuwaona mwaka mzima ila hawakuzi kizazi. Kule Wales kuna ndege anayezama kutafuta mabuu chini ya maji, mito ilipoingiwa na tindikali akapungua, watu wakajua. Na nikuulize, shamba lako liko mita ngapi kutoka mtoni? Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inasema 60. Mita sitini, sio hatua sita. Najua wenzako wote wako ndani ya hizo sitini, ndo ugonjwa wenyewe huo.

Na kwelea waliopuliziwa dawa na ndege ya serikali wasiokotwe kwa ajili ya kitoweo, hata kama babu alikuwa anawala. Babu aliwatega.

Ndege wanamaliza zabibu, niweke sumu? Hombolo.

Weka nyavu juu ya mizabibu. Sumu ya kuua shore, huyo ndege mla matunda, inamuua na bundi, halafu panya watakuja kukushukuru.

Naweza kuwanasa niwavishe pete ya mguuni ya kuwatambua?

Bila kibali huwezi, kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Na hao madogo wenye manati mnawaangalia tu.

Programu ya simu imeniambia nimesikia ndege wa Amerika.

Haujamsikia.

Mbona swali langu la ndege wa bluu hujibu?

Umeandika "ndege wa bluu anaimba sana ni nani". Huku kwetu labda kwezi. Wapi, mwezi gani, saa ngapi, alikuwa juu ya mti gani, hukusema.