Maswali Yenu: Mbona Furaha ya Wokovu Imepungua?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, furaha. Kuna waliokuwa nayo ikapotea, kuna wanaoitafuta, na kuna anayeogopa kwamba akiokoka ndo mwisho wa kufurahi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua aliyeandika ni mmoja ila wanaolia hivyo kimyakimya ni wengi sana.

Bwana asifiwe mtumishi. Niliokoka miaka mitatu iliyopita, na mwanzoni nilikuwa na furaha mpaka watu wakawa wananishangaa, naomba usiku silali, nasoma neno kama nina njaa, hata kazini nikisemwa vibaya naimba tu. Saa hizi nimepoa. Kwaya naimba ila mdomo ndo unaimba, moyo haupo, nikifungua Biblia nasinzia. Ibada ikiisha kila mtu anasema "nimebarikiwa" na mimi najibu hivyohivyo huku najua nadanganya. Kuna mtu kaniambia ukiona furaha imeondoka ujue Roho Mtakatifu ameondoka. Je, niliokoka kweli mimi? — Dada niliyepoa

Bwana asifiwe sana dada yangu, na asante kwa kuandika ukweli, wengi hawathubutu.

Nianze na huyo aliyekuambia Roho ameondoka, maana hilo neno limekuumiza kuliko huko kupoa kwenyewe. Yesu alipomwahidi huyo Roho, Msaidizi, alisema atakaa nanyi hata milele, Yohana 14:16, hakusema atakaa mpaka siku mtakapoamka hamjisikii. Halafu fungua Zaburi ya 51, Daudi ameanguka vibaya sana, zina, na mtu ameuawa kwa amri yake, na anaomba "Unirudishie furaha ya wokovu wako". Anaomba arudishiwe! Kwa hiyo ilikuwepo, ikapotea, na bado anaongea na Mungu na anamwita Mungu wa wokovu wangu. Mtu anaweza akapoteza furaha na asipoteze Mungu, tena hicho kilio chako cha kuitaka furaha irudi ni dalili kwamba kuna kitu hai ndani yako, maiti haisikii baridi.

Sasa tuje kwenye furaha yenyewe, imesimama juu ya nini? Luka 10 wale wanafunzi sabini wanarudi kutoka kwenye huduma wana furaha kweli, pepo wanatii, mambo yanaenda, yaani ile wiki ambayo kila mtu angetaka kutoa ushuhuda. Na Yesu anawaambia msifurahi kwa hilo, furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni. Hebu fikiria, huduma imefanikiwa na yeye anawahamisha kwenye msingi mwingine, kwa nini? Kwa sababu kuna siku pepo hawatatii haraka, kuna siku maombi yatakuwa mazito, na kama furaha yako ilikuwa imeegemea pale basi inaanguka nayo. Jina lililoandikwa halifutiki kwa sababu umeamka na mudi mbaya. Mwanzoni ulikuwa unafurahia wokovu na pia ulikuwa unafurahia jinsi unavyojisikia ukiwa umeokoka, vyote viwili vilikuja pamoja ukadhani ni kitu kimoja. Hicho cha pili ndo kimepungua. Cha kwanza kipo palepale.

Na mtu akikwambia Mkristo mwenye furaha hana huzuni, mpeleke kwenye barua kwa Wafilipi. Ile barua imejaa furaha kuliko karibu barua zote za Paulo, ndani yake ndo kuna "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini", na aliiandika akiwa amefungwa. Ila isome polepole. Sura ya 2 anasema mwenzake Epafrodito aliugua karibu kufa na Mungu akamhurumia, "nisiwe na huzuni juu ya huzuni". Kwa hiyo huzuni moja alikuwa nayo tayari! Sura ya 3 anasema anawaambia jambo fulani kwa machozi. Yaani mtu analia na anaandika furahini kwenye karatasi ileile, na wala hajipingi. Sura ya 4 anasema "nimejifunza" kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, alijifunza, hakuamka nayo siku moja.

Na hao Wafilipi walimjua. Kule Filipi, mji wa Makedonia, Paulo na Sila walichapwa kwa bakora mbele za watu, kosa lao ni kumfungua kijakazi aliyekuwa na pepo wa uaguzi na mabwana zake wakakosa faida. Wakatupwa chumba cha ndani cha gereza, miguu kwenye mkatale, yaani magogo ya kubana miguu ya wafungwa. Usiku wa manane wanaomba na kumwimbia Mungu, na Matendo 16 inasema wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Mimi huwa naangalia mgongo hapo. Vidonda havijaoshwa, tunajua kwa sababu mlinzi wa gereza alikuja kuviosha baadaye saa ileile ya usiku baada ya tetemeko. Kwa hiyo walivyokuwa wanaimba, damu imegandia. Hakuna aliyejisikia vizuri mle ndani dada, waliimba kwa sababu Mungu ni yuleyule gerezani na nje ya gereza. Na yule mlinzi aliyekuwa ameshachomoa upanga ajiue, kabla hakujapambazuka amebatizwa na "akafurahi sana, yeye na nyumba yake yote".

Sasa wewe ufanye nini. Kwanza jikague kwa upole, kuna dhambi umeificha? Kama ipo itubu leo, maana dhambi iliyofichwa inakausha mtu kweli, Zaburi ya 32 Daudi anasema aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Kama haipo usianze kuitafuta kwa tochi. Pili angalia mwili. Eliya baada ya ushindi mkubwa pale mlima Karmeli alikimbia jangwani akakaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, na Mungu hakumkemea, malaika alimgusa akamwambia inuka ule, akala akalala tena, akaguswa mara ya pili, ale tena. Kulala na kula, kabla ya mahubiri yoyote. Unafanya kazi, una kwaya, una makesha, unalala saa ngapi? Na kama hiyo hali imekaa muda mrefu, hulali, huna hamu ya kitu chochote, au mawazo ya kufa yanakujia, tafadhali nenda hospitali uongee na daktari mapema, sonona ni ugonjwa na kutibiwa siyo kukosa imani.

Halafu punguza ukubwa wa mambo. Usijilazimishe kurudi kwenye yale maombi ya usiku kucha, soma zaburi moja kwa sauti asubuhi na umwambie Mungu ukweli hivyohivyo ulivyoniambia mimi, kwamba Bwana nimepoa. Tafuta na mtu mmoja anayejua kusikiliza, asiwe yule wa "Roho ameondoka", umweleze.

Kuhusu lile la kujibu nimebarikiwa, haudanganyi. Kubarikiwa siyo mudi. Nimelieleza zaidi kwenye barua ya kaka inayofuata, isome na wewe.

Mtumishi mimi sitazunguka. Nimetoa fungu la kumi, nimefunga, nimepanda mbegu, yaani sadaka za kutarajia Mungu anirudishie, kila nilipoambiwa panda, na kazi bado sina. Wenzangu wanasimama mbele wanashuhudia magari na nyumba. Nyie mkituona hatuna kitu mnasema kuna baraka za rohoni. Si ni maneno tu ya kutuliza maskini? — Kaka niliyechoka

Kaka yangu nimekuelewa, na hasira yako sehemu kubwa naikubali. Kuna watu wamefundishwa kwamba Mungu ni mashine, unatumbukiza sadaka huku inatoka gari kule, na isipotoka basi imani yako ndogo. Hiyo siyo Injili, na aliyekufundisha hivyo amekubebesha mzigo ambao Kristo hakukubebesha.

Ila usitupe baraka za rohoni kwa sababu ya hao. Waefeso 1:3 inasema Mungu ametubariki kwa baraka zote za rohoni ndani ya Kristo, ametubariki, imeshafanyika. Halafu Paulo anazitaja, na wala siyo maneno ya hewani. Tulichaguliwa kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu. Tumefanywa wana. Tumekombolewa kwa damu yake, dhambi zimesamehewa. Tumetiwa muhuri na Roho, ndiye arabuni, yaani malipo ya mwanzo, ya urithi wetu. Chukua hilo la msamaha tu. Wewe unajua mambo uliyowahi kufanya ambayo hutaki hata mama yako ayajue, na Mungu anayajua yote na amesema hakuna hukumu ya adhabu juu yako, Warumi 8:1. Mwenye gari na asiye na gari wote usiku wanalala na dhamiri zao kaka, na dhamiri hainunuliwi. Halafu hilo la kuwa mwana, maana yake unapoomba kazi huombi kama mtu anayegonga geti la bosi asiyemjua, unaongea na Baba, na akichelewa bado ni Baba.

Je, ina maana Mungu hajali kama una kazi? Hapana! Yesu alitufundisha kuomba riziki ya kila siku. Na Yakobo 2 anawasema vikali watu wanaomwona ndugu hana nguo wala chakula wakamwambia nenda kwa amani ukaote moto na kushiba halafu hawampi kitu. Kwa hiyo kama kanisani kwako unapewa "barikiwa" na hakuna anayekuuliza umekula nini au anayekuunganisha na kazi, kosa ni la kwao. Waambie viongozi hali yako waziwazi, siyo aibu.

Nabii Habakuki alifika pale unapofika wewe, mtini hauchanui, mizabibu haina matunda, zizini hakuna kundi, vibandani hakuna ng'ombe, yaani uchumi wote umekwisha, na akasema walakini nitamfurahia Bwana. Hakujifanya ng'ombe wapo, alihesabu kila kilichokosekana kwanza. Na wale Wakristo wa Makedonia, 2 Wakorintho 8, walikuwa maskini kabisa na Paulo anasema wingi wa furaha yao na umaskini wao viliwafanya watoe kwa ukarimu. Kama furaha ingekuwa inaletwa na mali wale watu wasingekuwa nayo hata kidogo. Endelea kutafuta kazi kwa nguvu zote, endelea kuomba, na hiyo biashara ya kupanda mbegu ili upate ushuhuda achana nayo kabisa.

Shikamoo mtumishi, nina miaka 19. Nataka kuokoka kweli ila naogopa maisha yataboa, marafiki watanikimbia, kila kitu kitakuwa usifanye usifanye. — Kijana

Marahaba mwanangu. Sitakudanganya kwamba hakuna gharama, Yesu mwenyewe alisema mtu akitaka kujenga mnara akae kwanza ahesabu. Marafiki wengine wataondoka ndiyo, na kuna vitu utaacha.

Ila huyo Yesu unayedhani anaboa, wapinzani wake walimsema mlafi na mlevi kwa sababu alikuwa anakaa mezani na watu, na ishara yake ya kwanza aliifanya harusini. Watoto walimwendea. Watu wasiokubalika popote walikuwa wanamsogelea kumsikiliza, na mtu wa kuboa hafuatwi hivyo.

Na kuna raha moja ambayo sasa hivi huijui, raha ya kutokuwa na cha kuficha. Unaacha simu mezani inaangalia juu, meseji inaingia, mama yako yupo pembeni, na moyo haurukiruki. Hukumbuki uongo gani ulimwambia nani kwa sababu hukumwambia mtu uongo. Muulize mtu yeyote aliyetoka kwenye maisha ya kujificha kama angebadilishana. Na utapata ndugu, watu ambao hamjazaliwa pamoja ila wakisikia unaumwa wanakuja. Usisubiri mpaka hofu yote iishe, omba leo, kwa maneno yako, na kesho mtafute mchungaji au kiongozi wa vijana akushike mkono.

Nimefiwa na mume wangu. Nikilia kanisani wananiambia usilie mama, Mkristo ana tumaini. Juzi wajukuu wamenichekesha nikacheka, halafu nikajisikia nimemsaliti marehemu. Nifanyeje? — Bibi

Shikamoo bibi yangu, pole sana, pole mno. Wanaokuambia usilie nadhani wananukuu 1 Wathesalonike 4 bila kuimalizia. Paulo anasema tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hakusema tusihuzunike. Yesu alipoambiwa aje aone alipozikwa rafiki yake Lazaro, akijua kabisa anakwenda kumfufua, alilia machozi. Kama yeye alilia akiwa na uhakika huo, wewe ulie bibi, hujakosa imani.

Na ucheke pia. Kicheko na wajukuu hakimwondoi babu yao moyoni, hao ni damu yake. Kilio na kicheko vitapokezana ndani ya siku moja kwa muda mrefu na vyote vina ruhusa, mtaje jina lake mbele yao, wasimulie alivyokuwa, mcheke na mlie hapohapo. Na hao wa kanisani wakija tena na "usilie mama", waambie Warumi 12:15 inasema lieni pamoja nao waliao, kwa hiyo wavute viti wakae.