Pangaboi la boti limepinda: litengenezwe au linunuliwe jipya?

SWALI: Shikamooni wahariri. Boti yangu ya uvuvi iko Bwawa la Nyumba ya Mungu, mashine ni ya hosipawa 15. Maji yalipopungua iligonga kisiki. Bawa moja la pangaboi limepinda nchani, jingine limemeguka kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Inakwenda, lakini inatetemeka na inakunywa petroli kuliko zamani. Vijana wanasema tuvue hivyo hivyo mpaka msimu uishe. Niwasikilize?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Usiwasikilize, boti isirudi majini na pangaboi hilo. Mashine za ukubwa huo huwa na gia za takribani 2 kwa 1: injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pangaboi huzunguka kama 2,500. Maana yake bawa lililopinda linaivuta shafti pembeni zaidi ya mara 40 kila sekunde. Sili ya shafti, yaani mpira unaozuia maji yasiingie, ndiyo huumia mapema, halafu beringi. Sili ikishalegea, maji huingia kwenye gia, na gia za chini ni ghali mno ukilinganisha na pangaboi. Petroli nayo inapotea kwa sababu bawa bovu linavuruga maji badala ya kuyasukuma.

Zima mashine, chomoa waya wa plagi na klipu ya kamba ya usalama. Zuia bawa kwa kipande cha mbao, toa splitipini (kipini kinachozuia nati isilegee), fungua nati, vuta pangaboi. Tazama nyuma yake: uzi wa nyavu ukijisokota pale huikata sili taratibu, na watu wengi hawaangalii kabisa. Weka gia huru, zungusha shafti kwa mkono ukiitazama ncha yake. Ikiyumba, shafti imepinda, na pangaboi jipya halitakusaidia kitu. Legeza pia skrubu ya chini ya oili ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imeshapitisha maji, ibadilishwe kwanza.

Kovu dogo ukingoni hutosha kusawazishwa kwa tupa laini. Pangaboi lako linahitaji kuchomelewa. Moshi na Arusha tafuta fundi anayechomelea rimu za aluminiamu kwa gesi ya agoni, siyo wa mageti. Asilinyooshe kwa nyundo likiwa baridi, maana aluminiamu hupasuka, mara nyingi kwenye shina la bawa. Akilipasha moto awe mwangalifu: aluminiamu haiwi nyekundu kama chuma, huyeyuka ghafla ikikaribia nyuzi 660 za Selsiasi, au hata kabla yake.

Kabla hujalipa, lilaze pangaboi juu ya meza iliyonyooka na upime urefu toka mezani hadi ncha ya kila bawa. Vipimo vitatu vilingane. Kisha pitisha fito iliyonyooka katikati, iegemeze kwenye kingo mbili zilizo sawa. Bawa linaloshuka chini kila mara ndilo zito. Lipunguzwe kwa tupa mgongoni, kidogo kidogo.

Nunua jipya iwapo kuna ufa kwenye shina la bawa, bawa limekatika sehemu kubwa, au mabawa yamekuwa membamba kwa kuchomelewa mara nyingi. Soma namba zilizogongwa kwenye la zamani, mfano 9¼ × 10: ya kwanza ni upana wa duara kwa inchi, ya pili ni inchi ambazo pangaboi lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama lisingeteleza majini. Hesabu pia meno ya ndani ya tundu linaloingia shafti. Ukiongeza inchi moja kwenye namba ya pili, injini hupungukiwa mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika, na boti iliyobeba samaki na nyavu italemewa. Unapofunga, paka shafti grisi isiyotoka majini, na weka splitipini mpya.

SWALI: Mashine yangu ndogo inakata pini ya pangaboi kila mara. Naweza kuweka msumari?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana. Pini imetengenezwa ikatike ili gia zipone. Msumari ukiwa mgumu kuliko pini, kisiki kitavunja gia. Ukiwa laini, utapinda ndani ya tundu na utatoka kwa shida. Nunua pini za mashine hiyo hiyo, uwe na tatu za akiba botini pamoja na koleo. Zikikatika bila kugonga kitu, kagua kama tundu la shafti limetanuka.

SWALI: Mashine inanguruma lakini boti haisongi, na mabawa ni mazima. Kuna nini?
Msomaji, Moshi

JIBU: Huenda mpira ulio kati ya bomba la meno linaloshika shafti na mwili wa pangaboi umeachia. Chora mstari wa rangi unaovuka bomba na mwili, uache ukauke, kisha endesha boti ikiwa na mzigo. Vipande vya mstari vikiachana, mpira unateleza. Rudi ufukweni polepole. Kwa mwendo mdogo mara nyingi bado unashika.