Tundu la inchi nne lililosimamisha slabu yangu

Ukikaa saiti muda mrefu, unajua kelele si tatizo. Kimya ndicho cha kuogopa. Siku ile Mamboleo, Kisumu, saa moja kasorobo asubuhi, mixa ilikuwa tayari, kokoto imerundikwa hadi langoni, vijana 26 wa kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege, wamevaa gamubuti, na mama wa chai ameshamaliza mandazi ya kwanza. Halafu juu kukanyamaza.

Nikapanda. Mafundi wa vyuma walikuwa wamekaa juu ya rundo la plaiwudi, koleo mifukoni. Fundi bomba alikuwa amechuchumaa penye choo cha pili, msumeno wa chuma mkononi. Alikuwa amekata pau tatu za chuma ili paipu yake ya inchi nne ipite.

"Foroman," mkubwa wa vyuma akaniambia bila kuinuka, "ulisema mtu asiguse chuma chetu."

"Na mimi ukaniambia tundu ni langu," fundi bomba akadakia.

Wote wawili walisema kweli. Jioni ya Ijumaa, nikikimbilia matatu, nilikuwa nimempa kila mmoja neno lake. Seremala naye akaingilia: plaiwudi imetobolewa na mtu asiye seremala, maji ya simiti yakivujia hapo ataulizwa nani?

Tulibishana hadi saa sita. Suluhu yenyewe ilipopatikana ilichukua dakika 40: fundi bomba akaonyesha paipu inakaa wapi, wa vyuma wakafunga pau za kufidia pembeni mwa tundu, seremala akaziba ukingo. Lakini wingu lilikuwa limeshapanda kutoka ziwani, na mvua ya Kisumu ya alasiri haimwogopi foroman. Slabu ikangoja Jumatatu. Nililipa siku nzima watu waliocheza drafti chini ya mwembe.

Watu wa nje hudhani ugomvi wa "hii ni kazi yangu" ni kiburi cha mafundi. Hapana. Kazi unayomwachia mwenzako leo utaambiwa kesho kwamba ndiyo desturi. Fundi wa vyuma akinyamaza fundi bomba akate, mjengo ujao kontrakta atauliza kwani hamkukubali kule Mamboleo, na watu wawili wa vyuma watapunguzwa. Tena katika hili wa vyuma walikuwa na hoja ya ufundi: pau ikikatwa, nguvu yake lazima irudishwe kwa pau nyingine kandokando. Fundi bomba alikuwa hajui hilo, wala hakuwa na sababu ya kujua. Ndiyo maana nasema kosa lilikuwa langu.

Vyama vya wafanyakazi vikiingia, mambo huwa mazito zaidi. Miaka michache baadaye nilisimamia jengo Nakuru, upande wa Section 58. Mafundi wa stima waliletwa na kontrakta mdogo, na walikuwa na chama chao. Waashi wangu walikuwa katika chama cha wajenzi. Ugomvi ukazuka juu ya mifereji ya ukutani, ile ya kupitisha paipu za nyaya. Wa stima wakasema mfereji ni sehemu ya kazi ya stima. Waashi wakasema ukuta ni wao, na baada ya hapo ni wao tena watakaoupiga plasta.

Siku ya tatu ndipo nilipoelewa kiini chake. Kulikuwa na vijana wanane wa kushika patasi na nyundo, na kila chama kiliwahesabu kuwa wake. Kijana mmoja alikuwa ametia sahihi Fomu S mbili, ile ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Mzee, wote waliniambia nisaini." Mshahara wa kibarua, ada mbili! Nilimketisha na wawakilishi wote wawili, nikamwambia achague mwenyewe, na nikaondoka hapo ili asichague kwa kuniangalia mimi.

Hapa kwetu Kenya vyama hufuata sekta zaidi kuliko ufundi, kwa hiyo mwashi, seremala na wa vyuma mara nyingi hujikuta chini ya paa moja, na ugomvi wao unaweza kumalizwa ndani ya nyumba. Marekani hali ni nyingine: maseremala wana chama chao, wa vyuma chao, wa stima chao. Mipaka hiyo ilileta migomo mingi kiasi kwamba sheria ya mwaka 1947 iliipa bodi ya kazi mamlaka ya kuamua kazi ni ya nani. Bodi huangalia mikataba, ujuzi, desturi ya eneo, gharama, na mwajiri mwenyewe alimpa nani. Hilo la mwisho ndilo ninalowakumbusha maforoman wenzangu. Neno lako linahesabiwa, basi usilitoe mara mbili.

Kwetu Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamtaka mwajiri akitambue chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kujiunga nacho. Mgogoro hupelekwa kwanza kwa msuluhishi, na mgomo halali unataka notisi ya maandishi ya siku 7. Kukaa juu ya plaiwudi asubuhi ya slabu hakumo humo. Ikishindikana kabisa, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ipo Kisumu na ipo Nakuru, ingawa mimi sijawahi kuona mfereji wa ukutani unaostahili nauli ya wakili. Kuna kazi zisizo na mjadala: kuvuta nyaya kunataka mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, mwashi awe hodari vipi. Kuchimba mfereji ni hadithi nyingine, na pale Nakuru tulikubaliana wa stima wachore mstari kwa chaki, waashi wachimbe.

Ninachofanya sasa ni hiki. Siku mbili kabla ya slabu nawaita wakubwa wa kila kazi juu ya vyuma, ramani mkononi, na tunatembea tundu kwa tundu. Ofisini hapafai, huko kila mtu hukubali kila kitu. Kila tundu linaandikwa: nani anapima, nani anakata, nani anafunga, nani anaziba. Wanasaini, na karatasi inabandikwa kwenye mlango wa stoo. Atakayeona ameonewa anaandika malalamiko yake chini ya karatasi hiyohiyo, lakini kazi inaendelea kama ilivyogawiwa mpaka tukae tena.

Mwezi uliopita, mjengo wa Nyamasaria, fundi bomba alinipigia saa tatu usiku.

"Foroman, samahani. Lile tundu la jikoni ni langu ama la vyuma?"

"Nenda stoo uangalie mlangoni."

Nikamsikia akitembea juu ya kokoto, kisha kimya kidogo.

"La vyuma," akasema. "Basi nitalala."