Zamu ya Jumapili na Misa

Dada, umeuliza kama unatenda dhambi kwa kukosa Misa, maana zamu ya wodini inakushika Jumapili kutwa. Usijitese. Kanuni ya 1248 ya sheria za Kanisa inakubali Misa ya Jumamosi jioni, kwa hiyo ulizia parokia za karibu. Ikishindikana, kuuguza wagonjwa ni sababu nzito. Mweleze paroko wako, ana mamlaka ya kukuruhusu.

Mimi humkumbuka sana Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda. Alikuwa mtumishi katika ikulu ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga, na humohumo kazini akawafundisha dini vijana aliowasimamia, hadi alipochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Nami pia huunganisha kazi na sala: siku nyingi husali rozari ndani ya taksi, tendo moja tu (fungu moja la sala zake), kabla sijashuka.