Kuhusu swali lenu la msanii na kamera

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama mtengenezaji wa filamu za hali halisi ni msanii. Mimi nauliza kwa nini sisi Wakenya hatumtaji Mohamed Amin tukihesabu wasanii wetu. Mzaliwa wa Eastleigh, akakulia Dar es Salaam, akaanzisha Camerapix, kampuni yake ya picha na filamu, mwaka 1963. Kwetu amebaki "Mo" mpiga picha wa habari, basi.

Nilipoanza barua hii nilikuwa upande wa wanaosema hapana. Mtu anayesimama Korem, Ethiopia, kama Amin Oktoba 1984, kati ya watu wanaokufa kwa njaa, ana kazi moja: kuonyesha. Usanii wa nini pale?

Lakini kuna alasiri moja chuoni hainitoki. Mhadhiri alituwekea picha zile za Korem, kisha akazima sauti. Maneno ya Michael Buerk wa BBC yakatoweka, tukabaki na picha tupu. Kamera inapita polepole juu ya umati alfajiri, haikimbilii sura iliyokonda zaidi. Aliirudisha mwanzo, tukatazama tena, na tena. Binti mmoja wa Moyale aliyekaa kando yangu akaweka kalamu chini, hakuandika chochote hadi mwisho. Kijana wa nyuma akauliza, kwa hasira kabisa, kwa nini Amin hakuweka kamera chini akabeba mtoto. Tukabishana mpaka darasa lililofuata likajaa mlangoni. Mhadhiri hakutetea wala hakulaumu, alisema tu, "Tazameni anachoamua kutokimbilia."

Kule kuamua ndiko ninakokuita usanii, na ninavyoandika sasa nimeshahama upande. Amin alikuwa msanii. Nasema hivyo nikijua kwamba waliopigwa picha hawakuwa na nafasi ya kukataa, na kwamba vita na serikali ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia wakati ule, vilivyochangia sana njaa ile, havikuonekana vizuri kama nyuso zilivyoonekana.

Tena kuna John Mathai, fundi wake wa sauti. Bohari la silaha lilipolipuka Addis Ababa mwaka 1991, Mathai alikufa. Amin alipoteza mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia hadi alipokufa katika ajali ya ndege iliyotekwa, Komoro, Novemba 1996. Mkimwandika Amin kwenye orodha ya wasanii, nitaikubali orodha hiyo ikiwa na Mathai pia.