Tumekaa miaka minne, sasa tunataka cheti cha ndoa

SWALI: Shikamoo anti. Nipo Dodoma, mama wa watoto wawili, na baba watoto wangu tumeishi miaka minne sasa, mtaa mzima unatuita mke na mume na kibanda tumeanza kujenga wote. Kazini kwao wanataka cheti cha ndoa ndo waniingize kwenye bima yake ya afya, tukasema twende tu bomani tumalize. Shida ni kwamba alishafunga ndoa kanisani zamani, waliachana 2017 mwanamke akarudi kwao, mahakamani hawakwenda. Rafiki yangu anasema ukikaa na mwanaume miaka miwili sheria inakutambua tayari, bomani ni kupoteza muda. Mama naye anasema hakuna ndoa mpaka mahari iishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na rafiki yako maana hilo la miaka miwili linawaponza wanawake wengi sana na linaniuma. Lipo kweli, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kwamba mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama itachukulia mmeoana. Itachukulia tu, yani ni dhana, mtu akija na ushahidi wa kuipinga inaanguka. Na kwenu ushahidi upo tayari umekaa kabatini kwa mke wa kwanza, cheti chake cha kanisani. Ndoa ya kikristo ni ya mke mmoja, na kuachana kwa kurudi nyumbani kwao hakuivunji hata ipite miaka ishirini, inavunjwa na mahakama au kifo. Kwa hiyo kwa sheria mwenzako bado ni mume wa mtu, na mkifunga nyingine leo hiyo ni batili, samahani kukwambia hivyo lakini bora ulie sasa kuliko siku ya msiba ndugu wa marehemu wanakutoa ndani.

Kwa hiyo safari yenu inaanzia kwenye talaka, na hiyo ni kazi yake yeye. Aende kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, mara nyingi ni lile la kata, wakishindwa kupatanishwa anapewa fomu namba 3, ndo anafungulia shauri mahakamani, hata mahakama ya mwanzo inasikiliza. Watu wanaruka baraza wanakimbilia mahakamani halafu shauri linatupwa wanaanza upya. Kutengana kwa hiari zaidi ya miaka mitatu ni moja ya vitu mahakama inaangalia kuona kama ndoa imevunjika kabisa, hapo nyie mna cha kusema.

Hukumu ya talaka ikitoka ndo mnakwenda bomani kwa msajili kutoa notisi, siku 21 kamili kabla ya ndoa. Hizo siku ni za watu kuleta pingamizi. Mtaandika majina yenu, umri, mnapoishi, wazazi, na kama mtu alishaoa lazima aseme na nakala ya talaka awe nayo. Asiandike kwamba hajawahi kuoa ili mambo yaende haraka, kudanganya kwenye notisi ni kosa la jinai. Andaeni pia vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho vya NIDA, picha ndogo, barua ya serikali ya mtaa, na mashahidi wawili. Ofisi zinatofautiana kidogo, pitieni mapema muulize wao wanataka nini.

Mama yako mheshimu, kaa naye, muombe. Ila kisheria mahari haizuii ndoa, kifungu cha 41 kinasema ndoa ni halali hata kama mahari haijatolewa. Mwenzako akapeleke hata kidogo kilichobaki kwa moyo mzuri, lakini isiwe sababu ya wewe kukosa cheti.

Sasa kitu hujaniuliza ila nimekisoma kwenye barua yako, hicho kibanda. Kiwanja kipo kwa jina la nani? Kama ni lake peke yake, msiongeze hata tofali kabla hamjaandikishana majina yote mawili kwenye hati ya mauziano au kwenye karatasi za serikali ya mtaa, na risiti zako za saruji na mabati tunza, hata meseji za miamala ya simu ulizomtumia fundi. Mke wa ndoa anaweza kuegemea kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali, wewe kwa sasa huna hiyo ndoa ya kusimamia.

Watoto usiwahofie, matunzo ya baba ni haki yao iwe mna cheti au hamna, na kwenye bima aanze kuwaingiza wao kwa vyeti vyao vya kuzaliwa vyenye jina lake, hilo halisubiri talaka.